Chumvi Katika Mabomba ya Mzee Pazi

Vijana wa karakana, mlinisindikiza kwa biriani na maneno mengi matamu, baadhi yake ya uongo, kisha mmoja wenu akanishika mkono mlangoni akasema, "Mama Shomari, tuandikie basi mambo ya zamani, tusije tukayarudia." Nimeandika. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini na nililipwa nini akamwulize mhasibu. Hapa nimeandika habari za bwawa. Wengi wenu mlipoanza kazi mlikuta bustani ya mchicha nyuma ya jengo la mazoezi, mkadhani pamekuwa bustani siku zote. Chini ya mchicha ule kuna bwawa. Nasikia siku hizi mnaitwa kwenye mahoteli ya Maili Moja na kwenye nyumba za wenye nafasi kule Pangani kufunga mashine za chumvi, na nisingependa mfunge hata moja juu ya mabomba ya shaba kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Siku yangu ya kwanza nilifika na mkoba wa spana begani na sketi ya hadi kwenye vifundo vya miguu, nimetoka chuo cha ufundi, kichwa kimejaa. Mlinzi wa getini aliutazama mkoba, akanitazama mimi, akanielekeza jikoni. Jikoni wakanipa sufuria nioshe. Niliosha, nikaifunika juu ya kichanja, nikauliza tena chumba cha pampu kiko wapi. Ndipo wakacheka na kunionyesha.

Chumba kilikuwa nusu chini ya ardhi, chenye joto na harufu ya klorini iliyokwangua koo. Wageni waliokijenga kituo chetu cha tiba ya viungo walitoka nchi ya baridi na walijenga kama walivyozoea kwao. Mabomba yote yalikuwa ya shaba: kutoka pampu hadi chujio la mchanga, kutoka chujio hadi hita, kutoka hita kupita ukutani na chini ya sakafu hadi bwawani. Hita ilikuwepo kwa sababu bwawa lenyewe halikuwa la starehe. Lilikuwa la watu waliopooza, na mtu aliyepooza ukimtia kwenye maji ya baridi misuli yake hukaza. Bwawa dogo, maji ya kifuani, ngazi pana za kushukia na reli za chuma pande zote mbili.

Ndani ya chumba kile nilimkuta marehemu Mzee Athumani Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, kofia yake ya mkono imefifia kwa mvuke. Alikuwa anafuta bomba kwa kitambaa kama mtu anavyomfuta mtoto uso.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetumwa chai?"

"Mimi ndiye fundi mpya wa mabomba."

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Haya. Shika tochi ya gesi. Unga hapo nione."

Niliunga. Niliipasha moto risasi ya kuungia, ikadondoka chini matone matone, nikaunguza kidole. Hakunicheka, na kwa hilo nilimpenda siku ile ile. Alinichukua mkono akauelekeza moto kwenye bomba. "Pasha shaba, mwanangu. Risasi iache, ikiona shaba imepata moto itakwenda yenyewe inakotakiwa." Nimefundisha vijana wengi baada ya hapo na sijapata maneno bora zaidi ya hayo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kumimina unga wa klorini ndani ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Alinifundisha kusikiliza pampu kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini sikioni. Kuhusu umeme alikuwa mwoga, na alijivunia uoga wake. Hapo lazima nieleze jambo moja polepole, maana ndilo lililotuponza.

Kila mtambo wenye mwili wa chuma unahitaji waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja ili usimpitie mtu. Kwa kawaida waya huo hufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini nje ya jengo. Sisi fimbo zetu hazikukaa. Shaba ina soko, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi umeitoa wapi. Tulipigilia fimbo, ikang'olewa. Tulipigilia nyingine na kumwagia zege juu, wakavunja zege. Basi Mzee Pazi akafanya kama mafundi wote wa upande wetu walivyokuwa wakifanya: akauchukua waya wa ethi wa pampu, na ule wa reli za bwawani, akazifunga zote kwa kibanio kwenye bomba la shaba, ndani ya chumba chenye kufuli, pale bomba linapotoboa ukuta kwenda chini ya sakafu.

"Bomba hili linakwenda ardhini mbali," aliniambia akipiga bomba kwa kifundo cha kidole. "Fimbo gani itashinda hii? Na mwizi aje aibe bwawa zima."

Ilifanya kazi vizuri miaka yote. Wagonjwa walishika reli, wakashuka, wakapanda, na hakuna aliyepata hata mtekenyo. Mkaguzi mmoja aliiona akaguna, akasema si taratibu, kisha akauliza kama na sisi tunaibiwa fimbo kama huko kwingine. Tukamwambia ndiyo. Akaenda zake.

Mzee Pazi alistaafu, akarudi kwake Kisarawe kulima mihogo na kugombana na nguruwe pori. Mimi nikabaki na unga. Unga wa klorini ulikuwa ukipatikana kwa msimu, na ukipatikana uliletwa ndani ya mapipa yaliyokwishaingia unyevu, yanayofuka. Mwenzangu mmoja alifungua pipa vibaya na mvuke ukamwingia kifuani. Alipona kwa maana ya kwamba hakufa. Hakupanda tena ngazi bila kupumzika katikati.

Kwa hiyo wafadhili waliposema wataleta mashine ya chumvi, nilifurahi kuliko mtu yeyote. Mnaijua sasa: unatia chumvi kwenye maji ya bwawa, kidogo tu, ladha yake kama ya machozi, na maji yanapopita kwenye mashine umeme unaigeuza ile chumvi kuwa klorini. Hakuna pipa wala mvuke. Mhandisi wa Dar aliyeiuza alikuwa mtu makini, na alipiga simu kabla ya kuileta. Msimamizi wa kituo aliipokea mbele yangu. Mhandisi aliuliza mabomba yetu ni ya nini. Msimamizi akajibu, "Ya zamani, lakini mazima." Lilikuwa jibu la kweli. Simu ikakatwa, mashine ikaja.

Ilifungwa pale penye nafasi, kati ya chujio na hita, maana baada ya hita palikuwa ukuta. Yaani maji yakitoka kwenye mashine, yakiwa na klorini kali kuliko popote, yalipita moja kwa moja kwenye shaba ya hita na kwenye bomba lote la chini ya sakafu. Mashine ya chumvi ina tabia nyingine: inayapunguzia maji uchachu, nawe unalazimika kuongeza asidi kila mara yarudi mahali pake. Na shaba haipendi asidi. Chumvi, klorini, asidi na umeme, vyote kwenye bomba moja. Leo nikiandika hivi naona kama mtoto mdogo angejua. Wakati ule tulikuwa tunashangilia kuvua barakoa.

Kabla mwaka haujageuka Mzee Pazi aliletwa kwetu, na hakuja kututembelea. Kiharusi kilimpiga shambani. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamemtoka. Aliweza kusoma Fatiha mwanzo hadi mwisho bila kukosea, lakini ukimwuliza jina la kijiko halipati. Neno moja tu lilikuwa limebaki la kuzungumzia, jina la mkewe, Tatu. Maji yalikuwa Tatu, uji ulikuwa Tatu, maumivu yalikuwa Tatu.

"Tatu!"

"Abee!" Bi. Tatu alikuwa akiitika kila mara, hata akijua siye anayeitwa.

Daktari wa mazoezi ya viungo alikuwa Neema, binti mrefu mwenye sauti ya kwaya. Alimwuliza Bi. Tatu mgonjwa anataka nini zaidi, kutembea au kusema, ili wajue waanzie wapi. Bi. Tatu aliinama akavuta ushungi. "Dokta, mume wangu ni mtu wa haya. Nyumbani mimi mgongo wangu hauwezi, anapelekwa chooni na wakwe zake, wake za wanawe. Wanamshika, wanamvua. Kila akirudi analia. Msaidie aende chooni mwenyewe. Mengine yote tutayavumilia."

Mzee Pazi alikuwa anasikia. Machozi yalimtoka upande mmoja tu wa uso.

Kwenye nchi kavu hakuweza kusimama. Ndani ya maji alisimama. Maji yalimbeba, Neema akamshika kiuno, mkono wake wa kushoto kwenye reli, na mguu ule uliokufa ukaanza kidogo kidogo kukumbuka kazi. Walikuja kutoka Kisarawe kwa gari la jirani, kupitia Kiluvya, kila wiki. Kabla ya mazoezi lazima nimsukume kwa kiti chake hadi chumba cha pampu ayaone mabomba yake. Mashine ya chumvi aliitazama kwa jicho baya, akasema, "Tatu," kwa sauti ya mtu anayetukana. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anakwenda upana wote wa bwawa akishika reli tu. Neema alituambia tukiendelea hivyo hadi mwisho wa masika atatembea na mkongojo. Bi. Tatu alikwishanunua mkongojo. Aliuweka nyuma ya mlango umefungwa kanga.

Kisha maji yakaanza kuwa ya kijani.

Sikilizeni vizuri hapa. Maji ya kijani kila mtu husema ni mwani, na dawa ya mwani ni kuongeza klorini. Tuliongeza. Yakazidi. Mimi nilianza kuwa na wasiwasi kwa sababu maji yalikuwa safi, unaona hadi kokoto ya chini, na ukuta haukuteleza. Mwani hufanya maji kuwa mazito na ukuta kuwa utelezi. Nilichota kwenye ndoo nyeupe nikaloweka kitambaa cheupe. Kikatoka na rangi kama ya sarafu iliyosahaulika mvuani. Kwenye ngazi za bwawa palikuwa pametokea mabaka ya bluu.

Tulikuwa na mtoto wa kike mwenye ualbino, mguu wake uliharibiwa na sindano alipokuwa mchanga. Nywele zake za rangi ya mahindi zikawa za kijani. Mama yake alikuja asubuhi moja amemfunika kichwa kwa mtandio, akaniita pembeni.

"Dada, mmemtia nini mwanangu? Mtaani wameshaanza kuja kumchungulia dirishani. Unajua wewe watu wanavyowatazama watoto hawa. Mimi silali."

Nilimwosha mtoto kwa maji ya ndimu, rangi ikapungua. Nilimweleza mama kwamba ni shaba, inayeyuka kutoka kwenye mabomba na kushika kwenye nywele, haina uchawi wowote. Alinisikiliza, akanishukuru, akamfunga mtoto mgongoni. Hakumleta tena, na mguu ule haukupata mazoezi tena. Sikumlaumu.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia mabomba yanaliwa. Hakunipuuza, msimfikirie vibaya. Alimpigia mhandisi, mhandisi akaja siku ya pili yake, akaona shaba, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alitaja yote yaliyotakiwa: mashine ihamishwe iwe ya mwisho baada ya hita, asidi itiwe kidogo kidogo na mbali na mdomo wa kuvutia maji, kipande cha zinki kitiwe kiliwe badala ya shaba, na kama inawezekana mabomba yote yawe ya plastiki. Alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Lakini wiki ileile hita ilitoboka, maji ya chumvi yakamwagikia pampu, na kiwango cha maji bwawani kikaanza kushuka kila siku hata baada ya hita kuzibwa. Bomba lilikuwa linavuja mahali tusipopaona. Bwawa likafungwa.

Bwawa lilipofungwa Mzee Pazi alirudi nyuma. Neema alijaribu kumfanyisha mazoezi kitandani, lakini mguu ulikaza, kisigino kikapanda juu. Bi. Tatu alipiga simu kila siku ya soko. "Mwanangu Mwajuma, lini? Nambie lini." Nilimsumbua msimamizi, Neema akamsumbua, mwishowe msimamizi akaleta mkandarasi wa haraka. Na haraka ile sote tuliitaka.

Mama yangu alifariki kijijini kwetu Janga wakati huohuo. Nilikuwa msibani kazi ilipofanyika. Mkandarasi alikata shaba pale inapotoboa ukuta, akaacha kipande kifupi ndani ya chumba, akapitisha bomba jipya la plastiki hadi bwawani kwa njia nyingine juu ya ardhi. Mashine akaihamisha ikawa ya mwisho, kama ilivyoagizwa. Kazi safi kabisa, viungo vimenyooka, gundi imefutwa. Kibanio cha ethi hakukigusa. Kilikuwa bado kimekaa kwenye kipande kile cha shaba, kimekazwa vizuri, kinang'aa. Ungekuwa wewe ungekiangalia na kuridhika.

Nilirudi kazini asubuhi ambayo bwawa lilifunguliwa. Mzee Pazi na Bi. Tatu walikuwa wamefika kabla yangu, na mkongojo wameubeba garini, sijui kwa nini, nadhani kwa furaha. Neema alikuwa bwawani anajiandaa, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Pampu ilikuwa inanguruma. Nilisalimu, nikapewa pole ya msiba, nikamsukuma Mzee hadi chumba cha pampu kama desturi yetu.

Alianza kwa kutabasamu. Kisha akaliona bomba la plastiki, akalifuata kwa macho hadi ukutani, akaona pale shaba ilipokatwa. Akapiga ukelele.

"Tatu! Tatu! Tatu!"

"Abee!" Bi. Tatu akaja mbio. "Anataka haja huyu. Mwajuma, nisaidie kumgeuza."

Mzee alimsukuma mkewe kwa mkono mzima, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya maishani. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kucha zikaniingia. Akanyoosha kidole kwenye plastiki. Akaionyesha shaba iliyobaki, na kibanio, na zile nyaya mbili, mmoja wa pampu na mmoja wa reli. Halafu akaonyesha sakafu, chini, chini, akigonga hewa kwa kidole, akitikisa kichwa. "Tatu," akasema, safari hii polepole, akinitazama machoni kama zamani nilipounga vibaya.

Ndipo nikaona alichokuwa anakiona. Waya ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha shaba kisichokwenda popote. Ardhi haikuwepo tena. Na pampu ile ilikuwa imenyweshwa maji ya chumvi. Kama umeme ulikuwa unavuja ndani yake, haukuwa na pa kwenda ila kurudi kwa waya wa pili hadi kwenye reli.

"Neema!" nilipiga kelele. "Usishike kitu! Usishike reli!"

Nilivuta swichi kubwa chini. Pampu ikanyamaza. Nilipotoka nje nilimkuta Neema amesimama juu ya ngazi, mkono uko hewani, karibu kabisa na chuma. Kelele zangu zilimkuta ndiyo kwanza anaushusha aishike reli. Tuliwatoa watu wote, nikavaa viatu vya mpira, nikawasha umeme tena na kugusisha testa kwenye reli. Taa yake iliwaka. Neema aliiona akaenda kukaa kwenye nyasi, akatapika.

Nilimrudia Mzee Pazi nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshukuru. Ethi ile alikuwa ameifunga yeye, kwa sababu ya wezi, na hakuwa na mdomo wa kusema hivyo. Alikuwa amebaki na kidole.

Sasa mtaniuliza: si kazi ya kupigilia fimbo mpya tu na kuifungia waya? Ndivyo nilivyodhani nami. Ningeifanya siku ileile. Lakini jambo la namna hiyo likishatokea lazima litolewe taarifa, na mimi ndiye niliyeitoa, na wakaguzi wakaja kweli, wakatoboa sakafu. Lile bomba la shaba la zamani lilikuwa limevuja chini kwa miezi, maji yamesomba udongo, sakafu ya bwawa upande wa ngazi ilikuwa inaning'inia juu ya shimo. Chuma cha ndani ya zege kilikuwa kimevimba kwa kutu. Msimamizi aliomba wafadhili fedha za bwawa jipya. Wafadhili walikwishageukia mambo mengine. Malori yakaleta kifusi. Nilisimama pale nikiangalia kifusi kikimwagwa juu ya zile ngazi.

Kwa hiyo, vijana, mkiitwa: ulizeni bomba ni la nini na mkaliangalie kwa macho yenu, msiridhike na simu. Penye shaba, na hata hita yenye shaba ndani ni shaba, mashine iwe ya mwisho, la sivyo msifunge. Pimeni uchachu kabla ya kumwaga asidi. Na kabla hamjakata bomba lolote la zamani, fuateni kila waya uliofungwa juu yake hadi mwisho, kisha mpime. Hayo ndiyo ya kazi. Lililobaki si la kazi, lakini ndilo linaloniamsha.

Baada ya kifusi nilikwenda Kisarawe. Nilikwenda mwenyewe kwa sababu niliona haya kuwaambia kwa simu. Mihogo ilikuwa imeanikwa uani. Bi. Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mboga, hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamelifukia?"

"Wamelifukia."

Akaendelea kuchambua. Mzee alikuwa ndani, kitandani karibu na mlango, anatusikia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umejikunja kabisa, na Neema alikwishaniambia hautanyooka tena.

"Wewe ndiye uliyezima," akasema Bi. Tatu.

"Ndiyo, mama."

"Mzee angenyamaza siku ile, na wewe ungenyamaza, si ajabu wakaguzi wasingejua. Labda angekuwa anatembea."

"Au angekufa palepale, mama. Yeye na Neema."

"Najua. Nimesema labda." Akaweka ungo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu na yamechoka sana. "Yule binti angekufa, ndiyo. Ana mama yake naye. Mimi hilo nalijua. Lakini kila asubuhi nikimwona anavyobebwa, nakuchukia, Mwajuma. Nakwambia ili usikie kwangu."

Nilisema nimesikia. Niliona ni haki yake, na nilishindwa kulia mbele yake, nikawa nachezea ncha ya mtandio.

Ndani Mzee akaita. "Tatu."

"Abee."

"Tatu." Sauti ilikuwa ya chini, ya aibu. Bi. Tatu aliielewa. Alijaribu kuinuka, mgongo ukamkatalia, akashika nguzo ya baraza. Wakwe walikuwa wamekwenda shamba. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani.

"Njoo unisaidie basi," akaniambia.

Mzee aliponiona naingia aligeuza kichwa ukutani. Nilimshika kwapani, Bi. Tatu akamshika miguu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, lakini hakutusaidia kujiinua. Mkono wake mzima, ule wa kushoto, alikuwa ameuweka usoni amejifunika macho, na hakuuondoa njia yote, wala tulipomvua, wala tulipomwosha, mpaka tulipomrudisha kitandani na Bi. Tatu akamfunika shuka.